Chai ya Mavi ya Bata

Fu Guizhen alimaliza ujana na utu uzima wake wote kwenye treni ya polepole ya Jiamusi kwenda Harbin, kaskazini mwa China, akipita behewa hadi behewa na birika la maji ya moto, na sauti yake ilijulikana kwenye reli nzima. "Miguu ndani," alikuwa akisema, na miguu iliingia. "Mtoto wako ni wako, mshike," na mtoto alishikwa. Kuna ofisa mmoja wa jeshi, mtu wa nishani kifuani, aliwahi kuvua viatu kwenye behewa lake. Alivivaa tena bila kuambiwa mara ya pili. Guizhen alipostaafu, sauti haikustaafu. Mumewe, fundi redio mpole aliyeitwa Qiao, alikuwa ameshatangulia kwa ugonjwa wa ini, na majirani walisema, kwa mapenzi tu, kwamba marehemu hatimaye amepata pa kulala.

Nyumbani alibaki binti mmoja, Wanning, naye hakubaki. Alikwenda kusoma kusini, akaajiriwa kusini, halafu siku moja akapiga simu kusema amepata mchumba huko huko kusini, Chaozhou, mbali kiasi kwamba ukitoka Jiamusi umevaa koti la manyoya unafika umelibeba mkononi.

"Baba yake anafanya nini?" Guizhen aliuliza.

"Ana duka, mama."

"La nini?"

"Vifaa vya bafuni."

"Vifaa gani?"

"Masinki ya choo," Wanning akasema.

Guizhen aliwaambia majirani kwamba anakwenda kuonana na wakwe. Wakampa uyoga mkavu na soseji apeleke zawadi. Hakuwaambia lililokuwa moyoni, kwamba anakwenda kumrudisha mwanawe. Alikuwa ameshaongea na binamu yake mwenye chekechea, kazi ipo, chumba kipo, kitanda kimetandikwa. Ilibaki tu kumwambia Wanning, na hilo Guizhen hakuliona kama kazi. Watu wote aliowahi kuwaambia kitu walikuwa wamekifanya.

Duka la Weng Jiarong lilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye barabara ambayo kila nyumba inauza kile kile. Masinki yalipangwa safu kwa safu, meupe, yanang'aa, mifuniko imeinuliwa kama kwaya iliyofumbua vinywa ikingoja kuanza. Katikati ya kwaya hiyo kulikuwa na meza iliyochongwa kutoka kwenye kisiki, na juu yake vyombo vya chai. Weng mwenyewe alikaa hapo kwa fulana na kandambili, suruali imekunjwa hadi magotini, mtu mwembamba mwenye uso wa kuomba radhi.

"Karibu, dada, karibu sana," alisema. "Kaa, unywe chai. Umekula?"

Guizhen alikuwa hajatia kitu tumboni tangu yai moja la kuchemsha alfajiri, kwenye treni. Lakini huko kwao mgeni akiulizwa kama amekula anasema amekula, halafu mwenyeji hamwamini, anampakulia. "Nimekula," alisema, akasubiri kutoaminiwa.

Weng akamwamini.

Wakakaa watano. Guizhen, na koti lake ambalo hakutaka kulivua kwa sababu ndani yake kulikuwa na blauzi iliyolowa jasho. Wanning. Mchumba, Shaobin, kijana mrefu mwenye masikio makubwa, ambaye tangu stesheni alikuwa akitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Weng. Na mama yake Weng, kikongwe aliyewekwa kwenye kiti cha mianzi, miguu haifiki chini, asiyejua Kichina chochote isipokuwa Kichaozhou, na ambaye kila mtu alimwita Bibi.

Weng alichukua buli dogo la udongo, dogo kama yai la bata, akalishindilia majani mpaka kifuniko kikagoma kukaa. Akamimina maji yanayochemka. Guizhen alisogeza kinywa mbele. Weng akainua buli na kuimwaga chai yote kwenye trei.

"Umeimwaga," Guizhen alisema.

"Hiyo ni ya kuosha majani, dada."

"Kwani yalikuwa machafu?"

Shaobin alikohoa. Weng alicheka kwa adabu, akaanza kuogesha vikombe ndani ya maji ya moto yale yale, akivizungusha kimoja ndani ya kingine kwa vidole ambavyo bila shaka vilikufa ganzi zamani. Vikombe vilikuwa vitatu. Guizhen alihesabu watu, akahesabu vikombe, akahesabu watu tena. Kila kimoja kingeweza kumtosha panya mwenye kiu ya wastani.

"Havijatimia," alimnong'oneza Wanning, kwa ule mnong'ono wake unaosikika behewa la pili.

"Ndivyo ilivyo huku, mama. Vinazunguka. Mmoja akimaliza kinaoshwa, anapewa mwingine."

Kule Jiamusi, Guizhen alikunywa chai yake kwenye chupa ya jemu ya zamani, kubwa, majani yakielea, kuanzia asubuhi hadi taarifa ya habari, na hakuna kiumbe mwingine aliyewahi kuigusa. Alikuwa nayo hata sasa. Aliitoa kwenye mkoba na kuiweka mezani, katikati ya vile vikombe, ili wamjazie humo yaishe. Weng aliitazama ile chupa kama mtu aliyefungua mlango na kumkuta mgeni yuko uchi. Wanning akaichukua taratibu na kuirudisha mkobani.

"Leo nimefungua chai ya wageni wa heshima," Weng alisema, ili kubadilisha mambo. "Inatoka Mlima Fenghuang, na maji nayo ni ya huko huko, ya chemchemi, naenda kuyachota mwenyewe kwa pikipiki. Hii inaitwa Mavi ya Bata."

Nje lori lilipita.

"Rudia," Guizhen alisema.

"Harufu ya Mavi ya Bata. Ndilo jina. Ndiyo nzuri kuliko zote."

"Kwa hiyo huku mgeni wa heshima anapewa mavi."

"Ya bata," Weng alifafanua. "Mwenye mti wa kwanza aliuita hivyo ili majirani wasije kuiba matawi."

"Na hawakuiba?"

"Waliiba wote."

Guizhen alichukua kikombe na kukibwaga chote kinywani, kama dawa. Ulimi uliungua. Halafu, wakati anatafuta tusi linalofaa, kitu fulani kilimpanda kutoka kooni mpaka puani, harufu ya maua, na nyuma ya maua asali, na ikakaa humo pasipo kuondoka. Alikasirika. Hakuwa amesafiri kutoka mwisho wa nchi ili apende kitu.

Wanning alipojaziwa chake aligonga meza kwa vidole viwili, tap tap. Shaobin naye hivyo hivyo.

"Mnamwita nani?" Guizhen aliuliza.

"Ni kushukuru, mama."

"Mdomo umekufa?"

Hapo Bibi alisema jambo kwa Kichaozhou, jambo refu, akimtazama Guizhen kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Wanning alimsimulia mama yake baadaye kwamba maneno kamili yalikuwa: huyu anakunywa kama nyati, na ana mabega ya kubebea milango, nampenda. Shaobin alitafsiri, "Bibi anasema karibu."

"Amesema neno moja hilo kwa muda wote huo?"

"Amelirudia," Shaobin alisema.

Kilichofuata kilikuwa vita, ingawa hakuna aliyejua kwamba anapigana. Kwa Guizhen, kuacha kikombe kimejaa mbele ya mwenyeji ni kumtukana, kwa hiyo alimaliza. Kwa Weng, kikombe kitupu mbele ya mgeni ni aibu ya ukoo, kwa hiyo alijaza. Wengine walijua kukinga mkono na kusema anza wewe, hapana anza wewe, wakiruka zamu kwa ustadi. Guizhen hakuruka. Vikombe vitatu vikitua, alikunywa chake, halafu alikunywa na vile ambavyo wengine walikuwa wanabembelezana, maana chai inapoa na watu wanacheza.

Zaidi ya hapo duka lilikuwa njia. Akaja fundi bomba, akakaa, akanywa, akaondoka. Akaja mpeleka barua. Akaja mkandarasi mnene aitwaye Cai, aliyekuwa anajenga hoteli na hakuweza kuchagua sinki, mwezi wa pili sasa. Kwa kila aliyeingia Weng alitupa majani ya zamani na kufungua mapya, kwa heshima ya mgeni, na kila majani mapya yalikuwa makali kama yale ya kwanza, na Guizhen, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa na mpeleka barua, alikunywa na kila mmoja.

Hata alipoanza kutetemeka vidole alidhani ni hasira. Halafu jasho likamtoka, jasho baridi, ndani ya koti. Moyo ukaanza kwenda kama treni iliyochelewa. Tumbo lilikuwa tupu kiasi kwamba alisikia chai ikipiga mawimbi humo. Na ulimi, ambao hata siku za kawaida haukuwa na mlango, ukavunja na kizingiti.

"Mkwe," alimwambia Weng, "umeniwekea nini humu?"

"Chai tu, dada. Huenda imekupanda kichwani. Hutokea, kama hujala."

"Sikuja huku kunywa chai."

"Mama," Wanning alisema.

"Sikuja kunywa chai, na wala sikuja kuona vyoo. Nimekuja kumchukua mwanangu. Kazi nimeshamtafutia, chumba nimeshapaka rangi. Huyu kijana ni mzuri, ana masikio ya mtu mwema, lakini anatafsiri uongo tangu nilipokaa hapa, na mimi sikuzaa mtoto wa pekee ili aje kuzeekea kwenye duka la mavi. Samahani. Ya bata."

Hata mkandarasi Cai aliweka kikombe chini.

Wanning aliinuka. Hakupiga kelele, na Guizhen angependelea apige. "Chumba umekipaka rangi gani?" aliuliza.

"Ya waridi."

"Nina miaka mingapi, mama?"

Akatoka nje. Shaobin alimtazama baba yake, akamwinamia Guizhen kidogo, akatoka akimfuata. Cai alikumbuka ana shughuli. Bibi aliuliza kuna nini, na kwa kuwa mtafsiri ameondoka na Weng alikuwa ameinama akisugua trei ambayo tayari ni safi, aliteremka kwenye kiti chake cha mianzi na kujikokota uani. Halafu lori la mzigo likapiga honi mbele ya duka, na Weng, kwa furaha ya mtu aliyeokolewa mtoni, akaenda kupokea.

Guizhen akabaki peke yake na masinki. Na hapo, sasa kwa kuwa hakuna wa kugombana naye, mwili ukamkumbusha jambo. Vikombe vile vidogo, vya panya, kumbe vilikuwa vinakusanyika mahali.

Alikwenda uani upesi, akabisha mlango wa choo. Umefungwa kwa ndani.

"Bibi?"

Kutoka ndani Bibi alijibu kwa utulivu, maelezo marefu yenye vituo, kama anayesoma taarifa ya habari. Guizhen hakuelewa neno, ila alielewa kwamba taarifa ndiyo kwanza inaanza.

Alibana magoti, akarudi dukani. Alitazama kulia: vyoo. Alitazama kushoto: vyoo. Vya mviringo, vya pembe nne, vya kutundikwa ukutani, kimoja chenye pambo la dhahabu ambacho kiti chake kinapashwa moto kwa umeme. Maisha yake yote kwenye treni alikuwa ameshuhudia binadamu wengi na choo kimoja. Hakuwahi kufikiria kwamba Mungu angeweza kumgeuzia hesabu namna hii: binadamu mmoja, vyoo ukuta hadi ukuta, na hakuna hata kimoja cha kwenda haja.

Mwisho kabisa wa duka kulikuwa na kibanda cha maonyesho, bafu la mfano lenye vigae, kioo, ua la plastiki na pazia. Aliingia. Akavuta pazia. Hakukusudia, alisema baadaye. Alikusudia kukaa tu, mfuniko umefungwa, mpaka Bibi amalize. Lakini mwili ukishafika mahali panapofanana na mahali, hauulizi kama mabomba yameunganishwa.

Alipokuwa bado amekaa, koti limemzunguka kama hema, akisikiliza moyo wake unavyopoa, pazia likafunguliwa. Alikuwa Cai mkandarasi, aliyekumbuka kwamba shughuli yake hasa ilikuwa kununua sinki.

Wakatazamana. Cai alifumbua kinywa. Guizhen hakuwa na wazo lolote kichwani, wala aibu haijapata muda wa kufika. Kilichotoka kilikuwa kile kilichokaa humo miaka yote.

"Tiketi yako," alisema.

"Samahani?"

"Rudi kwenye behewa lako. Na usiache mlango wazi."

Cai, mtu anayejenga hoteli nzima, aliomba radhi, akavuta pazia vizuri mpaka mwisho, akaondoka. Inasemekana alinunua masinki yake duka la jirani kesho yake, bila kulinganisha bei.

Weng aliporudi alimkuta Guizhen amesimama mbele ya kibanda, mikono nyuma, kama askari wa zamu.

"Mkwe," Guizhen alisema.

"Naam, dada."

"Hicho kilichomo humo ndani kimenunuliwa."

"Kimenunuliwa na nani?"

"Na mimi."

Weng alimtazama. Akatazama pazia. Alikuwa ameuza vyoo tangu akiwa kijana, kwa hiyo hakuhitaji kufafanuliwa. Aliingia, akakaa humo kidogo, akatoka bila kubadilisha uso.

"Kishike upande ule," alisema. "Kizito mbele."

Wakakibeba, yeye nyuma, Guizhen mbele akitembea kinyumenyume, hatua fupi fupi, kati ya safu za masinki, kwa uangalifu wa watu wanaobeba maharusi. Mabega ya kubebea milango yalionekana kazi yake. Uani wakakitua kwenye sakafu. Bomba la uani lilikuwa ndani ya choo, na ndani ya choo alikuwa Bibi. Weng alisimama akifikiri. Halafu akaingia dukani na kurudi na dumu la maji ya Mlima Fenghuang, yale aliyokwenda kuyachota mwenyewe kwa pikipiki, akafungua kifuniko na kuanza kumimina.

"Yale?" Guizhen alisema.

"Ndiyo maji niliyonayo."

"Basi mimina polepole. Nipe hiyo brashi."

Wakaosha wote wawili, wamechuchumaa. Mikono ya Guizhen ilikuwa bado inatetemeka. Weng alitoa kwenye mfuko wa suruali pipi ya karanga iliyofungwa kwenye karatasi, akampa, na Guizhen akaila na kipande cha karatasi, halafu akala ya pili, na ya tatu, na dunia ikaanza kurudi mahali pake.

"Kwa nini ulinimiminia kiasi kile?" aliuliza.

"Kwa nini ulikunywa kiasi kile?"

"Nilidhani unanipima."

"Mimi nilidhani una kiu." Weng alisuuza brashi. "Tena sijui kuongea na watu, dada. Nikinyamaza namimina. Mama Shaobin alisema hivyo hivyo, kwamba anaishi na birika. Yuko Shantou sasa. Ameolewa na mtu mwenye mgahawa wa kahawa."

Guizhen alicheka kabla hajajizuia. Akatazama kama amemwumiza. Weng naye alikuwa anacheka, kwa mabega tu, bila sauti, kama mtu ambaye hana mazoezi.

"Shaobin amenunua koti," Weng alisema baada ya muda.

"Koti gani?"

"La baridi. La manyoya, limemkaa kama dubu. Amelificha chini ya kitanda, anadhani sijaliona. Wanning alimwambia kwamba huenda ukaja kumchukua. Akasema Wanning akienda, naye anakwenda. Anajifunza kula vitunguu vibichi, kama watu wa kwenu." Alimimina maji kidogo mahali palipokuwa tayari pameoshwa. "Sijamwambia kitu. Nitamwambia nini? Nitabaki na mama, na hivi." Alionyesha kwa kidevu upande wa duka.

Guizhen alikuwa amefika Chaozhou akidhani kwamba kuna mtu mmoja tu duniani anayelala na nyumba iliyonyamaza. Hakujua cha kufanya na habari hii mpya. Isitoshe, kama angependa, angeweza kuondoka na watoto wawili badala ya mmoja. Ushindi ulikuwa pale pale, umechuchumaa mbele yake kwa kandambili, unasugua sinki ambalo yeye ndiye aliyelichafua.

"Vitunguu vibichi vinamharibu tumbo," alisema mwishowe. "Mtu wa kusini haviwezi."

"Vinamharibu sana," Weng alikubali.

Mlango wa choo ulifunguka. Bibi alitoka, akawatazama wazee wawili wanaosafisha sinki la maonyesho kwa maji ya chai, akatazama kiwango cha dumu, akaenda zake ndani akiguna.

Wanning alikuwa kando ya barabara, amekaa juu ya katoni la mabeseni. Shaobin alipomwona Guizhen anakuja alisogea pembeni, akajifanya anasoma maandishi ya katoni.

"Sikuchukui," Guizhen alisema.

"Mama, hukuwahi kuniuliza kama nachukulika."

"Ndiyo maana nasema sikuchukui. Usinibane." Akakaa kwenye katoni la pili, likabonyea. "Unamtaka huyu kweli? Na masikio yale?"

"Namtaka."

"Anadanganya akitafsiri."

"Anadanganya ili msiuane. Baba naye si alikuwa hivyo? Ukigombana na jirani, alikuwa anakwenda usiku kumwambia kwamba umesema pole."

Guizhen hakuwa amelijua hilo. Miaka yote alidhani majirani wanamheshimu. Aligeuka upande wa barabara, akayatazama malori, akajifuta uso kwa mkono wa koti, na Wanning alimwacha ajifute. Halafu alimwita Shaobin kwa ile sauti ya treni, na kijana akaja mbio.

"Koti ulilonunua," alimwambia, "kama halina mkanda wa kiunoni ni takataka, upepo wa kwetu unaingilia chini. Kalirudishe. Mkija mwaka mpya nitawashonea. Na sasa nina njaa. Nilisema nimekula. Nilidanganya. Huko kwetu ndiyo heshima."

Chakula cha jioni walikula uani: uji mweupe wa wali, figili za chumvi, vidonge vya nyama ya ng'ombe vinavyoruka vikidondoka, na soseji za Jiamusi, ambazo Weng alizisifu na kuzisogeza kwa wengine. Walipanga harusi iwe baada ya mwaka mpya, wakabishana kuhusu idadi ya meza, na Guizhen alikula mpaka akafungua kifungo. Katikati ya mabishano Bibi aliweka vijiti vyake chini, akamgeukia, akasema sentensi moja fupi. Weng alipaliwa. Wanning alijificha nyuma ya bakuli.

"Bibi anakutakia maisha marefu," Shaobin alitafsiri.

"Wanning," Guizhen alisema, "wewe tafsiri."

Wanning aliweka bakuli chini. "Anasema ungebisha kwa nguvu, angekupisha."

Guizhen alimtazama kikongwe. Kikongwe alimtazama yeye, macho makavu, meno mawili. Guizhen akachukua kidonge cha nyama kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, akamwekea kwenye bakuli lake.

Harusi ilifanyika, na meza zilipungua kama Guizhen alivyosema zitapungua. Alirudi Jiamusi kwenye nyumba yake, akageuza chumba cha waridi kuwa stoo ya kabichi, akaendelea kugombana na majirani, ila siku hizi huenda mwenyewe baadaye kusema pole, na majirani hawajalizoea, wengine hufunga mlango.

Jumapili simu yake huita. Ni Bibi, ambaye Shaobin amemfundisha kubonyeza picha ya Guizhen kwenye simu. Guizhen humweleza bei ya kabichi, kwamba lifti ya jengo imeharibika tena, na kwamba mwanamke wa ghorofa ya chini amepaka nywele rangi ya karoti katika umri ule. Bibi humjibu kwa Kichaozhou, kwa kirefu, na vituo vyake vyote. Kuna siku alisimulia kitu kimoja akacheka mpaka akakohoa, na Guizhen naye akacheka mpaka akashika ukuta. Wanning, aliyekuwa upande ule, alichukua simu akasema, "Mama, unataka nikutafsirie?"

"Mrudishie mwenyewe simu," Guizhen alisema. "Tulikuwa tunaongea."